Tumbo la mbwa: majibu kwa wasomaji wa Bukavu

Mbwa wangu anakula bugali na mabaki ya sombe. Kinyesi ni laini siku zote, manyoya yanapukutika. Ni minyoo? (Kadutu)

Minyoo inawezekana, lakini mama, anza na sufuria. Sombe yetu ina mawese mengi, kitunguu na puaro. Mafuta yanalegeza tumbo; kitunguu na puaro, hata vikiiva, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Sombe ikome leo. Bugali peke yake nayo inashibisha bila kujenga mwili, na upungufu huo huonekana mapema kwenye manyoya.

Chemsha sambaza wabichi bila mafuta wala chumvi, waponde ndani ya bugali. Sambaza wakavu wenye chumvi waloweke kwanza, umwage maji. Usimbadilishie kwa siku moja: vijidudu vya utumbo vimezoea chakula cha jana, vikishtuliwa mbwa anahara, nawe utawalaumu sambaza bure. Siku 2 za mwanzo, robo ya sahani iwe chakula kipya na iliyobaki bugali tupu. Siku ya 3 na 4, nusu kwa nusu. Ya 5 na 6, robo tatu. Ya 7, sahani nzima.

Unga wenye ukungu usimpe kamwe. Sumu yake haifi kwa kuchemshwa, na inaua ini.

Anahara tangu jana. Nimpe metronidazoli iliyobaki nyumbani? (Nguba)

Hapana. Dawa hiyo inaua pia vijidudu vinavyolisha ukuta wa utumbo na kuusaidia kuzuia magonjwa, na kuhara kwingi kunaisha kwenyewe kwa siku 2 au 3. Kama ni mbwa aliyekomaa, anacheza na kunywa maji, mpumzishe chakula kwa muda wa saa 12, maji yabaki mbele yake. Kisha vikombe 2 vya wali laini kwa kikombe 1 cha kuku asiye na ngozi wala mfupa, milo midogo 4 kwa siku. Mbwa wa kilo 10 aongezewe kijiko kikubwa cha boga lililochemshwa.

Angalia kinyesi chenyewe. Utelezi kama kamasi unatoka utumbo mpana. Cheusi kama lami ni damu iliyotoka juu, tumboni au utumbo mwembamba: mpeleke kwa veterineri siku hiyohiyo. Mtoto wa mbwa anayetapika, anayehara damu yenye harufu kali na kukataa kula, usingoje hata asubuhi. Huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi vya utumbo, na upungufu wa maji unamuua haraka.

Dawa ya minyoo kila baada ya muda gani? (Ibanda)

Watoto wa mbwa: wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Baadaye kila miezi 3. Wapime uzito kila mara, maana kipimo cha dawa kinafuata kilo. Okota kinyesi uani kila siku: mayai ya minyoo hiyo yanawapata watoto wenu wanaochezea udongo.

Mifupa ya kuku? (Panzi)

Iliyopikwa, hapana. Inapasuka vipande vikali vinavyotoboa utumbo.