Picha zaonekana kwako, kwa mwenzako hazifunguki
Dada, wasema picha za mwongozo wenu zaonekana kwako Likoni, ila mwenzako wa Nyali aambiwa faili haipo. Utazame, ndani ya faili ya ukurasa, mstari unaoita picha. Ikiwa njia iliyoandikwa humo, yaani anwani ya faili, yaanza na C:\Users\ na jina lako, shida ndiyo hiyo: njia hiyo iko kwenye kompyuta yako peke yake. Hamishia picha ndani ya folda ya mradi, kisha uandike njia inayoanzia pale ukurasa wenyewe ulipo, kama ../picha/feri.png. Zile nukta mbili zasema panda folda moja juu. Tumia alama ya /, hata kwenye Windows. Na herufi kubwa na ndogo, tafadhali! Kwa kompyuta za mfumo wa Linux, Feri.png na feri.png ni faili mbili. Hilo lilinipotezea siku nzima.