Sakafu ya kabini ya boti: zulia, lamineti au vinili?
Ndugu, kati ya hizo tatu ulizotaja, lamineti isahau. Moyo wake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Zikinywa maji zinavimba na hazirudi tena. Zulia ni laini mguuni, lakini chumvi ikishaingia hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo halikauki vizuri (harufu utaizoea wewe, wageni hapana).

Mimi ningechukua vinili (sakafu ya plastiki) yenye uso usioteleza, juu ya plaiwudi ya baharini. Kabla ya kubandika, paka epoksi (gundi inayokauka ngumu na kuzuia maji) upande wa chini wa plaiwudi na hasa kingo zote, maana maji ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya boti yanakokusanyika maji) huanza kupenya hapo. Vifuniko vya ngama vikatie vinili yake, isiungane na ya sakafu, vibaki vinafunguka haraka boti ikianza kuvuja.