Maswali na majibu: Gesi ya moto inavyopimia maada ya giza

Kwa nini mpaka setilaiti? Darubini za milimani hazitoshi?

Hazifai kabisa kwa kazi hii ya kupima maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ila hujulikana kwa mvutano wake, kupitia eksirei za gesi ya moto katika makundi ya galaksi. Angahewa hunyonya eksirei zitokazo angani kabla hazijafika mlimani. Setilaiti ya kwanza ya eksirei, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Jina likatoka hapo. Ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi kama Coma na Perseus hutoa eksirei kutoka eneo pana, si nukta moja.

Kisichoonekana kinapimwaje?

Kwa gesi iliyojaa kati ya galaksi, ndiyo inayotoa eksirei hizo. Ina joto la nyuzi milioni 10 hadi 100, na gesi ya moto namna hiyo ingekwisha kutawanyika kama mvutano usingeishika. Kwanza ondoa vipindi ambavyo protoni za Jua zimechafua data, kisha ziba nukta zinazong'aa, nyingi zikiwa mashimo meusi yanayomeza gesi inayong'aa. Gawa picha kwa pete kuanzia kitovuni. Katika kila pete, spektra (mgawanyo wa eksirei kwa nishati zake) inakupa joto na mng'ao unakupa msongamano. Angalia hapa: gesi ikisongamana mara 2, mng'ao hupanda mara 4, kwa hiyo vibonge vidogo vya gesi hukudanganya kwamba gesi ni nyingi kuliko ilivyo. Ukiona jinsi joto na msongamano vinavyobadilika kutoka pete hadi pete, unajua mvutano unaohitajika kuishika gesi, na hapo unapata uzito wote. Nyota huwa asilimia chache tu, gesi kama 12 hadi 15, na zaidi ya 80 ni maada ya giza.

Hesabu hupotoka wapi?

Tunachukulia kwamba gesi imetulia. Ikiwa inachafuka, mwendo huo nao huibeba, joto peke yake halitoshi kuusema, na uzito unatoka pungufu. Mwaka 2016 setilaiti ya Japani, Hitomi, ilipima mchafuko katika kitovu cha Perseus: kilomita 164 kwa sekunde. Ni mdogo, na kwa kundi hilo inatia moyo. Makundi yaliyotoka kugongana ni afadhali kuyapima kwa lenzi ya mvutano, yaani jinsi mvutano wake unavyopinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake.

Mstari wa 3.5 kilo-elektroni-volti, yaani mng'ao wa ziada wa eksirei kwenye nishati hiyo moja, uliotangazwa 2014, unatoka kwa maada ya giza?

Haujathibitishwa. Potasiamu ina mistari jirani na hapo, na Hitomi, yenye uwezo wa kuitenganisha, haikuuona mstari huo katika Perseus kwa nguvu iliyotangazwa.