Nilisali Nikichambua Mchele

Juzi msomaji mmoja wa Likasi aliniandikia: "Yaya, dada yangu, nyumba ikijaa wageni siku ya Noeli, wewe unasali saa ngapi?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Angeniuliza mwaka jana, ningemdanganya.

Mwaka jana, hapa Katuba, Lubumbashi, nilipokea watu 19. Tarehe 24 mchana umeme ukakatika, nyama ikaanza kutoa maji ndani ya friza, mvua ikalowanisha gunia la makala ya kupikia nililosahau uani. Misa ya usiku sikwenda. Ya asubuhi nilikwenda, nikalala kwenye benchi mpaka binti yangu aliponisukuma wakati wa sadaka. Tuliporudi, wifi yangu akaonja chakula, akasema mbele ya watu wote: "Muchele iko mubichi." Watu 19 walikula wakamaliza sufuria, lakini mimi nilibaki na neno hilo moja mpaka Bonane, siku ya Mwaka Mpya. Mpaka leo, tuseme ukweli.

Sasa nieleze habari ya kambo yangu, yaani nyanya yangu. Alikuwa mtu wa Jamaa, kundi la Wakatoliki. Vijana wengi hawaijui tena: ilianzia Kolwezi miaka ya 1950, kwa padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyekuwa akikaa na wafanyakazi wa migodi na wake zao na kuzungumza nao mambo ya ndoa na ya Mungu kwa Kiswahili chetu. Mafundisho yao yalizunguka maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kambo hakuwa wa kujifungia chumbani na rozari. Alikuwa akichambua maharagwe huku akitaja majina ya watu, na sisi watoto tulidhani amezeeka anajisemea tu.

Basi safari hii tarehe 24 niliamka saa kumi ya alfajiri. Nikawasha mbabula, jiko letu la makala, nikaketi na ungo wa mchele, kila konzi nikaipa jina la mgeni mmoja, nikatafuta neno lake kati ya yale matatu. Mume wangu: uzima, maana mwezi wa nane alilazwa siku 11. Mdogo wangu na mke wake: uzazi, wamepata mtoto baada ya miaka saba ya kuulizwa maswali kila Noeli. Mama mkwe: mapendo, ingawa ya kwake hayana maneno, huleta maembe tu, anaweka mlangoni.

Nikafika kwa wifi. Mkono ukasimama. Nilichambua konzi ile mara mbili, haikuwa na hata kijiwe kimoja. Halafu nikakumbuka nani alilala chini hospitalini, kwenye kikwembe, ili mimi nirudi nyumbani kwa watoto. Nilishukuru. Kwa sauti ndogo, lakini nilishukuru.

Kwa hiyo, dada zangu, acheni kungoja nyumba itulie ndipo msali. Haitatulia! Maria mwenyewe alikuwa ametoka kujifungua, wachungaji wakamfikia usiku bila hodi; Luka 2:19 inasema aliyaweka yote moyoni mwake. Hatusomi kwamba aliwafukuza ili apate kimya. Amkeni kabla ya watu. Tajeni majina. Simu muiache chumbani, maana kuna nyumba ambako meza hupigwa picha kumi kabla ya kubarikiwa mara moja, na mnajijua. Tajeni majina, narudia, hata lile linalokwama kooni. Hasa hilo. Na msinipe sababu ya kazi nyingi, mimi nilikuwa na sufuria tatu motoni.

Umeme? Ulikatika tena. Misa ya usiku safari hii niliisikiliza mpaka mwisho, macho wazi.

Tarehe 25 wifi alikula, akaongeza sahani ya pili, hakusema kitu. Mchele wake nilikuwa nimeuacha motoni robo saa zaidi.