Maswali ya wasomaji: Kobe amefika nyumbani, mbona hali?

SWALI: Ndugu wahariri, jirani yetu alihama akatuachia kobe. Gamba lake lina madoa meusi na manjano, urefu kama sentimita 30, uzito kilo 5. Alikuwa amefungwa kwa waya uliopitishwa kwenye tundu walilotoboa pembeni mwa gamba. Tumemfungua. Leo ni siku ya sita hajala: tumempa ndizi, mkate, hata posho (ugali), lakini anajibanza tu nyuma ya tangi la maji. Watoto humbeba kumpeleka kwenye chakula. Tufanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Kampala*

JIBU: Mama, punguza hofu. Kobe mkubwa kama huyo anaweza kukaa wiki mbili bila kula asidhurike, mradi anapata maji. Hajui bado jua linapiga wapi asubuhi wala kivuli kiko wapi, na kila anapobebwa huanza kujifunza upya. Waambie watoto wasimguse kwa siku 14. Wamtazame kwa mbali, na kila mtu anayegusa kobe au beseni lake anawe kwa sabuni, kwa kuwa kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akiwa mzima kabisa.

Lakini kuna jambo lisilongoja hizo siku 14. Kobe wa porini analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na kumfuga bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA) ni kosa. Wapigie uwaeleze alivyokufikia. Usimwachie kichakani kwa huruma: atakanyagwa barabarani, au atawapelekea kobe wa pale magonjwa aliyoyatoa uani.

Maji ndiyo dawa ya kwanza. Chukua beseni pana, tia maji ya vuguvugu (ukichovya kiwiko usisikie moto wala baridi), yafike chini ya kidevu chake akiwa amesimama. Mwache humo dakika 20 hadi 30, saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, kila siku kwa wiki moja, kisha mara mbili kwa wiki. Ukiondoa kusafisha lile tundu na kumpima uzito, huko ndiko kumgusa pekee kunakoruhusiwa kwa sasa. Atakunywa kichwa kikiwa kimezama, na huenda akakojoa humo humo. Angalia ule uji mweupe unaotoka na mkojo. Ukiwa laini kama dawa ya meno, sawa. Ukikwaruza vidoleni kama mchanga, mwili umekauka, endelea kumlowesha kila siku.

Ndizi, mkate na posho viondoke leo. Kobe wa madoa kama huyo ni mla nyasi kama ng'ombe. Utumbo wake umejaa vijidudu vinavyochachusha nyasi taratibu, na sukari ya ndizi huvivuruga akaharisha na minyoo ikapata nafasi. Asubuhi mwekee rundo la ukubwa wa gamba lake: sehemu nane kati ya kumi ziwe nyasi, mbichi na kavu zikichanganywa, na zilizobaki ziwe majani ya haibiskasi, ya mforosadi, ya kongwe (lile gugu la maua ya buluu), au kipande cha mpungate kilichokwanguliwa miiba. Majani ya viazi vitamu mpe mara moja moja. Dodo (mchicha) usiigeuze chakula cha kila siku, kwa sababu ina oksaleti zinazofunga kalsiamu. Kisamvu kibichi na lantana ni sumu. Mara mbili kwa wiki nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa unga. Chokaa ya kujengea kamwe, inaunguza mdomo.

Kalsiamu hiyo haitamfaa bila jua. Mionzi inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo, kwa hiyo kobe anayekaa sebuleni karibu na dirisha gamba lake hulegea hata akilishwa vizuri. Sisi tuko kwenye ikweta, jua tunalo la kutosha. Mjengee uani: eneo la mita 6 kwa 3 au zaidi, nusu jua nusu kivuli, ukuta wa matofali au mbao wa sentimita 50 uliozama sentimita 15 ardhini. Usitumie wavu. Akiona upande wa pili atausukuma kutwa nzima mpaka pua ichubuke. Kibanda kiwe cha mita 1 kwa 1, sakafu imeinuliwa isipate maji ya mvua, ndani nyasi kavu, mlango ufungwe usiku. Mbwa hutafuna gamba kama mfupa, hata yule mliyemlea naye. Na msimu wa mvua kagua kibanda kila jioni kwa tochi. Siafu wakipanga mstari kuelekea humo, mlaze kobe ndani ya nyumba usiku huo, maana aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Lile tundu halitaziba upesi, kwani gamba ni mfupa ulio hai, lina damu na mishipa ya fahamu. Aliumia walipomtoboa. Safisha kwa iodini iliyozimuliwa hadi rangi ya chai hafifu, mara moja kwa siku, mpaka pakauke. Usizibe kwa gundi, usipake mafuta wala vanishi. Pakinuka au pakitoa maji, mwone daktari wa mifugo.

Mpime uzito kila wiki siku ile ile na uandike. Akipungua nusu kilo kutoka zile 5, au siku 14 zikipita bila kula, usisubiri tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

SWALI: Kobe niliyempokea ana kupe wengi mapajani na shingoni. Nina ile dawa ya sindano ya minyoo na kupe ninayowachoma mbuzi, ivamektini. Nimchome kiasi gani?
*Mfugaji, Arua*

JIBU: Usimchome hata tone. Ivamektini inayomponya mbuzi humuua kobe: inaingia kwenye ubongo, miguu inapooza, kisha pumzi inakata, na hakuna dawa ya kuitengua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo usimpulizie. Chukua kibano, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kuzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Rudia kila siku tatu. Mtenge mbali na mifugo wako mpaka awe safi, kwani kupe wa kobe wanaweza kubeba ugonjwa wa maji ya moyo unaoua ng'ombe na mbuzi. Ndiyo sababu mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa madoa. Kama ana minyoo, daktari apime kinyesi kwanza, na dawa ipigiwe hesabu kwa kilo zake.

SWALI: Kobe wangu anatoa mapovu puani na asubuhi hufungua mdomo akivuta pumzi. Hapa Kabale baridi ni kali. Je, ni mafua ya kupita?
*Mwalimu, Kabale*

JIBU: Mwalimu, huenda ni nimonia, na usiichukulie kama mafua. Kobe hawezi kukohoa, hana ule msuli wa chini ya mapafu tunaokoholea sisi, kwa hiyo makamasi yakishuka hubaki huko huko. Kabale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kobe wa savana halali usingizi wa baridi kama wale wa Ulaya. Baridi ikichanganyika na unyevu ndipo anapougua.

Leo hii muingize ndani kwenye sanduku kavu, joto nyuzi 28 hadi 30 mchana na usiku. Balbu ya wati 60 ile ya moto, iliyoning'inizwa sentimita 40 juu ya upande mmoja na kuzungushiwa wavu, inatosha. Umeme ukikatika, weka jerikeni ya lita 5 ya maji ya moto iliyofungwa gunia, na ubadilishe maji yanapopoa. Acha upande mwingine bila joto ili achague. Kesho mpeleke kwa daktari: anahitaji antibayotiki ya sindano, kwa kawaida kwenye mguu wa mbele. Usimmiminie dawa mdomoni, itaingia mapafuni.

SWALI: Nimtafutie mwenzake asipweke?
*Msomaji, Jinja*

JIBU: Hapana. Kobe hapwekeki. Madume wawili hugongana mpaka mmoja apinduke, na aliyepinduka juani anaweza kufa kwa joto kabla hujarudi kutoka kazini. Mgeni yeyote atengwe miezi 6 kwanza.