Swali la lugha: "Kila Mpolandi anachoma mkaa mara mbili zaidi kuliko Ujerumani"

SWALI: Nafundisha jiografia sekondari. Katika maelezo ya nishati barani Ulaya niliandika sentensi hiyo hapo juu. Mwenzangu wa Kiswahili ameikataa yote bila kunieleza kosa liko wapi. Naomba msaada.

JIBU: Mwalimu, mwenzako ana haki ya kuikataa, ila nawe ulistahili maelezo.

Tuanze na mkaa. Ukisema fulani "anachoma mkaa", wanafunzi wako wanaona tanuri: magogo yamepangwa, yamefunikwa nyasi na udongo, moshi unafuka siku kadhaa. Kuchoma mkaa ni kuutengeneza. Wewe unazungumzia kinachochimbwa ardhini, kama kule Silesia, kusini mwa Polandi, nacho ni makaa ya mawe. Upatanisho nao hubadilika: mkaa unauzwa, makaa ya mawe yanachimbwa.

Kosa linaloniuma zaidi ni la "kuliko", kwa sababu nalikuta kila siku, hata kwenye taarifa za habari. Mtu akisema "nyumba ya Asha ni kubwa kuliko Juma", utamuuliza mara moja: Juma ana ukubwa gani hata alinganishwe na nyumba? Atajirekebisha: "kuliko ya Juma". Hiyo "ya" ndogo ndiyo inayobeba nyumba ya pili bila kuitaja tena. Basi na hapa, matumizi yalinganishwe na matumizi: "matumizi ya Polandi ni makubwa kuliko ya Ujerumani". Wewe umemweka Mpolandi mmoja upande huu, na upande wa pili ukaweka nchi nzima yenye watu wapatao milioni 84. Tena ukilinganisha nchi kwa nchi, Ujerumani ndiyo inayotumia zaidi. Polandi, yenye watu milioni 37 hivi, inaipita pale tu jumla inapogawanywa kwa idadi ya watu.

Ndiyo maana "kila Mpolandi" haifai. Ni kweli zipo nyumba nyingi Polandi ambazo wakati wa baridi hupashwa joto kwa jiko la makaa ya mawe, lakini sehemu kubwa huungua kwenye mitambo ya umeme, mfano ule mkubwa wa Bełchatów. Mwenye nyumba asiye na jiko la namna hiyo naye anahesabiwa. Huo ni wastani, kwa hiyo sema "kwa wastani, kwa kila mtu". Wapo wanaopendelea "kwa kichwa". Si kosa, tulikuwa na kodi ya kichwa enzi za ukoloni, ila mimi huona "kwa kila mtu" inaeleweka upesi.

Kuhusu "mara mbili zaidi", chukua mshahara wa shilingi 100,000. "Mara mbili ya" mshahara huo ni 200,000, hakuna ubishi. "Mara mbili zaidi" mmoja ataisoma 200,000, mwingine ataongeza mara mbili juu ya ule wa kwanza apate 300,000. Kwenye takwimu, achana nayo. Na ukigeuza ulinganisho, usiandike "mara mbili pungufu"; andika "nusu ya".

Sentensi yako sasa: "Kwa wastani, matumizi ya makaa ya mawe kwa kila mtu nchini Polandi ni karibu mara mbili ya yale ya Ujerumani."

Ongeza maneno mawili tu mahali fulani: "kwa nishati", yaani umepima joto linalotolewa, si tani. Sehemu kubwa ya makaa ya Ujerumani ni yale ya kahawia, yenye maji mengi na joto dogo, kwa hiyo tani yake moja haitoi joto la tani moja ya makaa meusi. Ukipima kwa tani, pengo kati ya nchi hizo mbili hupungua, na hiyo "karibu mara mbili" itabidi uiondoe.