Mshahara umepunguzwa, deni la dukani linapanda

Dada yangu wa Wete, Pemba, umeuliza ufanyeje ilhali mumeo, anayefanya kazi hotelini Nungwi, Unguja, amepunguziwa mshahara kwa uchache wa wageni, deni la dukani linapanda, na kila akipiga simu mnaishia kugombana.

Naanza na daftari la dukani, kwa kuwa ndilo linalokula pesa bila ya kuonekana: mwombe mwenye duka akusomee kila mstari, mkubaliane kiasi cha kulipa kila mwezi, na tangu hapo mchele wa mapembe, mafuta na sabuni vinunuliwe taslimu, hata ikiwa ni nusu kilo nusu kilo. Siku nyengine pika muhogo au shelisheli kwa dagaa. Watoto watanung'unika, waache.

Usikope kwa kutegemea karafuu za msimu ujao, maana mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hulipa karafuu kavu ulizopeleka, si ulizozitarajia.

Ama ugomvi, nadhani unatokana zaidi na kutojua: mumeo akutajie anachobakiwa nacho hasa baada ya nauli na kodi ya chumba, nawe umtumie picha ya daftari kabla hamjazungumza. Michango ya harusi mwijadili siku nyengine.